Mlio wa Gari la Shemeji

Elia Mbelwa amezikwa juzi, na mimi nilikwenda. Watu wa nyumbani walinishangaa, maana wanajua nilivyokuwa nikimzungumzia. Sikwenda kulia. Nilikuwa na hamu ya kusikia watasema nini juu yake akiwa hawezi tena kuwasahihisha, na walisema kile kile nilichokitegemea. Wasifu ulisomwa na kijana mmoja mwenye koti linalombana kwapani. Marehemu alikuwa nguzo ya usharika, marehemu alikuwa mtu wa sala, marehemu alipenda kazi, na katika ujana wake alipitia jaribu zito la ndoa kutokana na mambo ya ushirikina yaliyoingizwa nyumbani mwake, lakini alisamehe, ingawa mwenzake alimkimbia. Mama aliyekaa karibu nami alitikisa kichwa kwa huruma, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wanawake wengine ni balaa." Nikamwambia ndiyo, mama, ni kweli. Jaribu zito la ndoa alilolipitia marehemu ni dada yangu Naomi. Yuko hai, yuko milimani Lushoto, anafuga ng'ombe, na hakuja msibani kwa sababu siku hiyo alikuwa na watu wa kumwezekea zizi. Jioni nilimpigia simu nikamweleza yaliyosomwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama pilau lilikuwa na nyama.

Mimi sina moyo huo. Mimi nilikaa chini ya lile turubai nikila pilau la watu huku nimejaa dharau mpaka kooni, na kwa kuwa pale hapakuwa mahali pa kusema, nitasema hapa. Niliishi kwao Tanga mwaka mmoja tu, nilipomaliza shule nikiwa sina la kufanya, na Naomi akasema njoo ukae nasi kwanza. Walikuwa wamepanga nyumba Chumbageni, nzuri kwa nje, ila kuta za vyumba hazikufika juu kabisa. Zilikoma shibiri chache chini ya paa, hivyo aliyekohoa jikoni alisikika chumbani, na aliyenong'ona sebuleni ni sawa na aliyesema na nyumba nzima. Shemeji Mbelwa aliishi humo miaka na hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Alikuwa mtu wa kufunga mlango kisha akaamini amefunga kila kitu. Sebule yake ilikuwa na makochi mekundu yaliyofunikwa vitambaa, na kochi moja lilikuwa lake peke yake, hata mgeni akikaa pale alisimamiwa kichwani mpaka aelewe. Chakula alitaka kije kwa zamu, kwanza mchuzi, halafu wali, halafu samaki, na Naomi akivisogeza vyote pamoja alivitazama kwa muda kana kwamba haamini macho yake. Ukimpikia kisamvu cha nazi alisema hiki ni chakula cha watu wa pwani. Ukimpikia makande ya kwetu alisema yeye hakuja mjini kula makande. Alichokula alikila chote.

Alikuwa msimamizi wa stoo kwenye shamba moja la mkonge upande wa barabara ya Pangani, na alikuwa mzee wa kanisa. Kati ya vyeo hivyo viwili, cha pili ndicho alichokivaa hata akienda sokoni. Basi katikati ya mwaka ule akanunua gari. Lilikuwa saluni jeupe lililotumika Japani, viti vyake bado vina nailoni, na hiyo nailoni hakuitoa, tukawa tunakaa juu yake tukibandukana nayo kila tunaposhuka. Lakini gari lilikuwa na kiyoyozi. Jamani, kile kiyoyozi. Mtu aliyezaliwa kwenye ukungu wa Usambara, aliyekwenda shule akitetemeka, sasa alikuwa amekilipia kibaridi. Alipandisha vioo vyote, akakifungulia mpaka mwisho, na kwa kuwa alisikia baridi kama mtu mwingine yeyote, alinunua sweta. Lilikuwa sweta la gari. Lilikaa kiti cha nyuma, akilivaa akiingia na kulivua akishuka, joto la Tanga likiwa linapika watu nje. Alipopita kwa watu anaowafahamu hakushusha kioo. Aliinua kidole kimoja juu ya usukani, na wao wakabaki wanamwamkia shikamoo ambayo hata hawakujua kama imesikika.

Wiki ile ile ya gari alikuja mgeni. Naomi alikuwa kwenye kikundi cha akina mama, mimi ndiye niliyepika. Shemeji aliniambia ni mzee wa minazi kutoka ng'ambo ya mto Pangani, amekuja kuzungumza biashara ya nazi. Nikapika wali na samaki wa kupaka, nikapeleka, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba vizuri, akaniuliza jina, akaniombea heri. Yule mzee sina ugomvi naye hata leo. Alikuwa na kofia safi na kazi yake, na hakumficha mtu kazi hiyo. Aliyejificha ni aliyemwita. Nilikuwa jikoni nasugua sufuria waliposhusha sauti, na sauti zao zikapanda kwenye kuta zile zisizofika juu zikanishukia mimi.

"Kazini wananitazama vibaya tangu nilipoleta hili gari," Shemeji alikuwa anasema. "Mmoja amelizunguka mara mbili bila kusema neno."

"Tutalizindika," mzee akasema. "Kikopo cha dawa kikae mbele, palipo na moto wa injini. Wewe mwenyewe ndiye utakayekifunga, kwa mkono wako. Na kikishakaa, kisisogezwe. Anayekisogeza anakivunja."

"Na mtu akikiona?"

"Mtu wa hapa akikiona hatakigusa," mzee akajibu, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Kuzindika, kwa asiyejua, ni kukikinga kitu kwa dawa, nyumba au chombo au duka, ili jicho la hasidi lisikidhuru. Pwani ni jambo la kawaida na watu hawalionei haya. Lakini Elia Mbelwa ndiye aliyekuwa akisimama kanisani akiwakemea wanaokwenda kwa waganga, na alikuwa amepeleka majina ya watu wawili kwa mchungaji kwa kosa hilo hilo. Nilimwambia Naomi usiku tulipokuwa tunaosha vyombo. Akaniambia, "Nyamaza, Penina. Labda ni maneno tu." Yeye alikuwa hivyo, alimpa kila mtu nafasi ya kuwa bora kuliko alivyo.

Siku chache baadaye gari likaanza kulia. Likiwa linatembea bila kiyoyozi lilikuwa kimya kabisa. Ukibonyeza kitufe cha kiyoyozi, kabla hata baridi haijatoka, mbele kunaanza mlio mwembamba, kwi kwi kwi, kama kuku anayekabwa, na ukikanyaga mafuta kuku anakabwa zaidi. Ukizima, kimya. Mtoto mdogo angeweza kukwambia kwamba tatizo liko kwenye kitu kinachozunguka kiyoyozi kikiwashwa tu. Shemeji alilipeleka gereji Ngamiani kwa Fundi Saidi, mtu mnene mwenye mikono mizuri, aliyekuwa akitengeneza magari ya nusu ya mji. Mimi na Naomi tulikuwemo, tunatoka sokoni. Fundi Saidi akafungua boneti, akamwagia mkanda maji kidogo, akasikiliza. Mlio haukubadilika. Akainama akachungulia karibu na kompresa, ile mashine inayosukuma gesi ya kiyoyozi, akakaa ameinama hivyo kwa muda. Halafu akanyanyuka taratibu, akajifuta mikono, akamtazama Shemeji.

"Bwana Mbelwa, hili gari lina jambo lolote unalotaka kuniambia?"

"Jambo gani?"

"Lolote."

"Lina kelele," Shemeji akasema. "Ndiyo maana nimelileta."

"Haya," Fundi Saidi akasema. "Basi tujaribu mkanda."

Wakabadili mkanda. Likalia. Shemeji akalipeleka kwa fundi wa pili, na wa pili naye akainama, akanyanyuka, akasema ni beringi ya puli. Wakabadili beringi. Likalia. Wa tatu alisema kompresa yenyewe imechoka, akaishusha yote, akaifungua, akaisafisha, akairudisha, na gari likatoka pale likilia kuliko lilivyoingia. Kila jioni mezani Shemeji alitusimulia ujinga wa mafundi wa Tanga. Alisema hawakusoma, alisema Dar es Salaam jambo hili lingekwisha kwa dakika, alisema mtu mweusi mpe spana utaona atakavyoharibu. Alisema hayo akiwa yeye mwenyewe mweusi kama sisi, mdomoni ana kipande cha samaki. Nilikuwa namtazama nikijiuliza kama anajua. Sasa sina shaka. Alijua kuna nini pale mbele, na nadhani hata sauti ile alijua inatoka wapi, ila aliambiwa kisisogezwe. Basi akaona afadhali abadilishe gari zima, spea moja baada ya nyingine, kuliko kusogeza kile kitu upana wa kidole.

Ikaja siku ya mgeni. Usharika ulikuwa unaweka jiwe la msingi la nyumba ya mchungaji, Shemeji akiwa mwenyekiti wa ujenzi, na kiongozi mmoja wa kanisa alikuwa anatoka bara kuja kuliweka. Alikuja na gari lake, lililokuwa pikapu isiyo na kiyoyozi, na dereva wake, kijana mrefu wa Singida, mtu wa maneno machache. Shemeji hakukubali mgeni aingie kanisani amelowa jasho. Akampakia kwenye saluni yake tangu mjini, vioo juu, kiyoyozi mpaka mwisho, na dereva akafuata nyuma na pikapu tupu. Mlio tuliusikia kabla hatujaliona gari. Kwaya ilikuwa imejipanga uani, ikaanza wimbo wa kumpokea mgeni, na gari likaingia likiimba wimbo wake. Shemeji akashuka, akavua sweta upesi, akamfungulia mgeni mlango, na injini akaiacha inanguruma pamoja na kiyoyozi, ili, akasema, mheshimiwa akirudi akute ubaridi wake. Kwi kwi kwi. Akina mama wa kwaya wakawa wanaimba wakiangalia boneti.

Yule dereva alivumilia ubeti wa kwanza. Kwenye wa pili alikwenda kwenye mlango wa Shemeji uliokuwa wazi, akaingiza mkono chini ya usukani, akavuta kile kishikio cha boneti, akaenda mbele akaifungua. Shemeji alikuwa anamtambulisha mgeni kwa wazee, hakuona mpaka aliposikia. Au niseme mpaka alipoacha kusikia, maana mlio ulikatika ghafla, na kwaya nayo ikakatika, bila kuamriwa. Dereva alikuwa amesimama na koleo mkononi, na mwisho wa koleo kunaning'inia kikopo cha bati chembamba, urefu wa kidole, kimezungushiwa kitambaa cheusi kilicholika upande mmoja, na uzi.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinalia," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kimefungwa mbele ya kompresa. Kiyoyozi kikiwaka, kile kisahani cha mbele kinazunguka kinakikwaruza." Kisha akatazama huku na huku, maana watu walikuwa wamerudi nyuma. "Ni cha nani?"

Kila mtu pale alijua anachokiona. Mchungaji alijua, wazee walijua, na yule kijana wa Singida peke yake ndiye hakujua kwamba kwetu kitu kama kile mtu hakivuti na koleo mbele ya kwaya. Nilimtazama Shemeji. Uso wake ulikuwa umekwisha kabisa, na kwa kitambo kidogo nilidhani ataanguka. Halafu nikaona amepata njia. Niliiona ikimjia usoni, kama unavyomwona mtu akipata choo. Akageuka polepole, akamtafuta mke wake katikati ya akina mama, akasema kwa sauti ya mtu aliyeumizwa:

"Naomi. Umenifanyia nini?"

Naomi alikuwa ameshika sinia la vikombe vya chai. Hakuliangusha. Aliliweka chini, akamtazama mumewe, na hakusema kitu, kwa sababu alikuwa amelelewa kwamba mwanamke hambishii mumewe mbele ya wageni. Ukimya ule wakauchukua kuwa ni kukiri. Jiwe la msingi likawekwa, sala zikasaliwa, chai ikanywewa, na ilipofika Jumapili iliyofuata dada yangu alikuwa ametengwa. Kwa sisi Walutheri kutengwa ni hivi: huendi Mezani pa Bwana, huongozi kitu chochote, mpaka siku utakaposimama mbele ya usharika wote, ukaulizwa, ukatubu, ukapokelewa. Naomi ndiye aliyekuwa akifundisha watoto Jumapili. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama. Hakuwa na kingine chochote katika mji ule kilicho chake, nyumba ilipangwa kwa jina la Mbelwa, gari la Mbelwa, kochi la Mbelwa. Alikuwa na jina lake tu, na watoto wale waliokuwa wakimkimbilia getini.

Nilikwenda kwa Fundi Saidi. Nilimkuta anakunywa kahawa kibarazani, nikamwamkia, nikamwambia kaka, ulikiona kile kitu siku ya kwanza kabisa, na unajua aliyekifunga ni nani. Njoo umwambie mchungaji.

"Binti, mimi niliona kitu," akasema. "Mkono sikuuona."

"Lakini uliuza mkanda."

"Alitaka mkanda." Hakuona aibu hata kidogo. "Kitu cha mtu hakiguswi, mwanangu. Nilimuuliza kwa heshima, akasema gari lina kelele. Nimwambie nini tena? Yule mwenzangu aliyeshusha kompresa alikifungua kwa leso, akakiweka juu ya karatasi safi, na alipomaliza akakirudisha pale pale, uzi ule ule. Muulize. Hatukumkosea mtu."

Mafundi watatu, gereji tatu, wote walikiona, wote wakainama na kunyanyuka, wakabadili kila kisicho na kosa. Na mwenye gari anawaita wajinga. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa siwezi kuamua nimdharau nani kwanza. Mpaka leo nikiona mtu mzima anaficha anachokijua kisha anakiita heshima, namkumbuka yule baba na kikombe chake cha kahawa.

Mchana wa siku iliyofuata nilikuwa chumbani kwangu nimelala, na wao wapo chumbani kwao wamefunga mlango. Nilisikia magoti ya Shemeji yakigusa sakafu. Kweli alipiga magoti. Nilifikiri anaomba msamaha, nikakaa kitandani ili nisikie vizuri.

"Mimi nikisimama pale mbele nimekwisha," alikuwa anasema. "Uzee wa kanisa umekwenda, uenyekiti umekwenda, hata kazini watanicheka. Wewe ni mwanamke, Naomi. Watasema ni ujinga wa wanawake, baada ya mwezi wamesahau. Ubebe hili. Kwa ajili yetu."

Naomi akauliza, "Na chenyewe?"

"Nimeachana nacho. Mbele za Mungu. Hakitaingia tena katika nyumba yangu wala gari langu."

"Uniapie."

Akaapa. Aliapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi la mama yake, na alikuwa anaendelea kutafuta cha kuapia Naomi alipomkatiza akasema, "Basi. Nitatubu. Lakini umeniapia, Elia."

Kesho yake nilimkuta jikoni anachagua maharage. Nikamwambia, dada, wewe ni mpumbavu. Akasema, "Najua. Kaa uchague na wewe, yana mawe mengi." Nikakaa. Nilimwambia kwamba mtu akishakubali uongo juu yake mwenyewe hakuna atakayeutoa, nikamwambia kwamba Mbelwa hafai hata kufungiwa kamba za viatu, nikasema mengi kwa sababu nilikuwa msichana na niliamini maneno makali yanaweza kumsogeza mtu. Alinijibu jambo moja tu. Alisema, "Kama ataacha kweli, basi nimenunua kitu."

Jumapili ya kutubu alivaa kitenge cha bluu. Mchungaji, mtu mwenye sauti nzuri na macho yasiyokaa mahali pamoja, alimuuliza maswali yake, na kwa kila swali Naomi alijibu "Ndiyo" kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. Hakulia. Aliyelia ni Shemeji. Alitoa leso, akalia mabega yakitikisika, akaenda mbele bila kuitwa akambusu mkewe kwenye paji la uso, jambo ambalo hata harusini hakulifanya. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilisikia mmoja nyuma yangu akisema mume kama huyu ni wa kuomba kwa Mungu. Nje wakampa mkono mmoja mmoja, Shemeji kwanza, Naomi baadaye.

Kusahau kwenyewe hawakusahau. Watoto walipewa mwalimu mwingine, kwa muda tu, wakasema. Kwenye chai ya akina mama Naomi alipeleka sinia la maandazi ya iliki, mazuri, nilimsaidia kuyakaanga mimi mwenyewe, na sinia lilirudi nyumbani kama lilivyokwenda, pamoja na kitambaa chake juu. Wote walikuwa wameshiba. Wanawake waliokuwa wakigombania maandazi ya Naomi miaka yote siku ile walikuwa wameshiba wote. Tukayala sisi siku mbili. Shemeji aliyachovya kwenye chai akasema leo yametoka vizuri. Gari lake lilikuwa kimya, baridi inatoka bila kelele, na kwenye kikao cha wazee walimwongezea kazi, awe anasindikiza mchungaji kwenye makanisa madogo ya shamba.

Ndiyo tukaenda Mwera. Mchungaji alikuwa anakwenda kuhubiri huko, Shemeji akatoa gari, na mchungaji akasema ingependeza Mama naye aje, watu wamwone yuko pamoja na mumewe. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya kubeba vyombo. Tuliondoka asubuhi, mchungaji mbele, sisi wawili nyuma juu ya nailoni, vioo vikiwa chini kwa kuwa bado kulikuwa na ubaridi wa kawaida wa Mungu. Tulipopita Tongoni jua lilikuwa limeshakuwa kali na vumbi linaingia. Shemeji akapandisha vioo, akavaa sweta lake huku akiendesha kwa magoti, akabonyeza kitufe.

Kwi kwi kwi.

Nilimwona Naomi akiinua kichwa. Shemeji akaanza kuimba. Alianza wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa, akamtazama mchungaji ili waimbe pamoja, na mchungaji akamsaidia mstari mmoja halafu akaacha. Gari likalia. Shemeji akaimba zaidi.

"Elia," Naomi akasema. "Hiyo ni nini?"

"Ni mkanda tu."

"Mkanda ulibadilishwa."

"Mikanda ya siku hizi haina maana. Inalegea."

Naomi akasogea mbele, akashika kiti cha mchungaji. Mtu huyu alikuwa amemuuliza maswali mbele ya usharika mzima, akamshika mkono, akamtangaza amepokelewa. Alikuwepo uani siku ile ya koleo. Aliujua mlio ule kama tulivyoujua sote. "Mchungaji," Naomi akasema, "unasikia?"

Mchungaji akatazama nje, kwenye minazi. Akasafisha koo. "Magari haya, mama," akasema. "Ni mkanda huo."

"Simamisha gari, Elia."

Alisimamisha. Injini hakuizima. Naomi alishuka, akaenda mbele, akapiga boneti kwa kiganja mara moja. "Fungua." Kishikio cha kufungulia kiko chini ya usukani, upande wa goti la dereva. Shemeji hakukivuta. Zaidi ya hapo, alilisogeza goti lake akalibana pale, mwenyekiti wa ujenzi, mzee wa kanisa, amevaa sweta juani analinda kishikio kwa goti, na macho ameyatupa mbali barabarani kama mtu anayengoja ng'ombe wapite. Nilikwisha kumdharau siku nyingi, lakini nilikuwa bado sijaona mwisho wake. Pale niliuona. Nikateremka na kapu langu la vyombo.

Naomi akaja kwenye dirisha la mumewe. Alikuwa anasema taratibu, kama anampa maagizo ya sokoni.

"Kile cha kwanza nilikitubu mimi kwa niaba yako. Hiki kitubu mwenyewe."

Shemeji hakugeuka. Mchungaji ndiye aliyeshusha kioo chake, nusu tu, ubaridi usitoke. "Mama, ingieni bwana," akasema. "Jua kali hili, na watu wanatungoja."

"Wasalimie," Naomi akasema.

Gari likaondoka. Tulisimama kwenye vumbi na viatu vyetu vya Jumapili, tukalisikia likilia mpaka lilipopinda kona, maana hata baada ya hayo yote, kiyoyozi hakukizima.